Shoka Mkono wa Kulia, Kisu Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 4 Oktoba

Naapa kuandika kila kitu humu. Hata ya aibu. Mwalimu Ikhlas, anayetufundisha Kiarabu, amesema mtu anayeandika siku zake kwa ukweli hujifunza kutokana na makosa yake. Nakusudia kujifunza sana. Kwa sasa sioni kosa lolote, lakini daftari liko tayari.

Habari kubwa: kiti cha sita kiko wazi!

Nieleze kwa utaratibu. Kila Alhamisi saa kumi jioni, kwenye stoo iliyo juu ya duka la dawa la Ami Munif, hapa hapa mtaani kwetu Luweibdeh, Amman, watu sita huzunguka meza na kuwa mashujaa. Kila mmoja ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na dadu za kuamua kama pigo limempata adui au limepata hewa. Ami Munif ndiye Msimulizi. Yeye ni mazimwi, walinzi wa malango, mvua, na sheria. Viti ni sita tu kwa sababu pande zote zilizobaki kuna maboksi ya maziwa ya watoto.

Mwenye kiti cha sita amekwenda kusoma Ujerumani. Tulimuaga kwa machozi. Mimi nililia huku nikihesabu viti. (Nimeapa ukweli.)

Miaka miwili nimekaa kwenye ngazi nikisikiliza. Miaka miwili! Leo Ami Munif ametangaza kuwa Alhamisi hii wanaokitaka kiti watacheza kwa majaribio, na wachezaji watano waliobaki watapiga kura. Atachukuliwa mmoja. Wanaokitaka ni wawili: mimi na Talin.

Talin anakaa ghorofa ya chini yetu na darasani anakaa mbele yangu, kwa hiyo naijua vizuri nyuma ya kichwa chake. Karatasi ya shujaa wake ina wino wa rangi tatu. Shujaa mwenyewe ni mganga. Kazi yake kufunga vidonda! Nilimwambia kwa upole kwamba sijawahi kusikia mtu ameimbiwa wimbo kwa sababu ya bandeji. Akasema na yeye hajawahi kumsikia mwimbaji aliyeishiwa damu. Nikacheka kwa adabu.

Shujaa wangu anaitwa Zumurrudi Binti Tufani. Shoka mkono wa kulia. Visu vya kurusha mkono wa kushoto. Na nina mpango.


Jumapili, 5 Oktoba

Mpango ni huu. Kitabu cha sheria kinasema shujaa mwenye silaha mbili akishapiga kwa mkono mmoja, anaweza kupiga tena kwa mkono wa pili katika zamu ile ile. Kimesema "kupiga". Hakijasema kurusha, na hakijakataza! Basi Zumurrudi atamkata zimwi aliye mbele kwa shoka, na pumzi ile ile atamrushia kisu zimwi aliye nyuma. Halafu achomoe kisu kingine, tayari kwa zamu ijayo. Wa karibu analia, wa mbali analia. Nani ataninyima kiti?

Baada ya shule (wiki yetu huanza Jumapili) nikaenda moja kwa moja dukani kumweleza Ami Munif. Alikuwa akimhudumia mama mwenye kikohozi. Nilieleza yote, kwa mpangilio, na mchoro. Mama mwenye kikohozi alisema mpango ni mzuri.

Ami Munif akasema haiwezekani. Zamu moja ya vita ni sekunde sita, akasema. Kupiga, kurusha na kuchomoa tena ndani ya sekunde sita? "Binti yangu, mimi kufungua chupa hii tu nimetumia ishirini." Nikasema Zumurrudi si mfamasia. Mama mwenye kikohozi akacheka mpaka akakohoa, na Ami Munif akaniangalia kana kwamba nimemwongezea kazi.

Kisha akatamka maneno haya, nimeyaandika kwenye mkono: "Nionyeshe mtu mmoja hapa Amman anayeweza kupiga na kurusha kwa sekunde sita, kila siku, bila kumuumiza mtu, nami nitairuhusu."

Sirin, dada yangu, anasema hiyo ni njia ya watu wazima ya kusema nenda nyumbani. Mimi naona ni mkataba.


Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua mtu huyo niwe mimi.

Mama alikuwa amenunua mumunye midogo ya kujaza wali. Kwa ukubwa na uzito ni visu vya kurusha kabisa. Nikachukua mchi wa kinu mkono wa kulia, mumunye mkono wa kushoto. Zimwi la karibu: kochi. Zimwi la mbali: shuka la kitanda lililoanikwa kwenye roshani. Sirin akashika simu ahesabu sekunde.

Jaribio la kwanza: sekunde kumi na moja. Kochi limepigwa. Mumunye umeanguka mguuni kwangu.

Jaribio la nne: sekunde nane! Shuka limepigwa! Sirin alipiga makofi. Hata yeye.

Jaribio la saba: sekunde saba, lakini shuka lilipeperuka na mumunye ukaendelea na safari. Ukatua kwenye dishi la televisheni la jirani wa chini. Jirani wa chini ni baba yake Talin. Alikuwa akitazama mpira. Alipanda ngazi akiwa ameushika mumunye mkononi kama mtu aliyeleta ushahidi mahakamani, akauliza kwa heshima kubwa kama huu ni wa kwetu.

Mama aliuliza sasa tule nini, makochi? Nikasema bado ipo kumi na miwili mizima. Akasema, "Wewe mtoto, hata mumunye unaihesabu kama risasi!" Nimeikwangua yote ndani mwenyewe, tayari kwa wali, kama adhabu. Mmoja nikautoboa upande wa pili.

Talin amekwisha kujua kila kitu, kwa sababu ya baba na mumunye.


Jumanne, 7 Oktoba

Ushindi! Furaha! Nimempata!

Asubuhi Mama alinituma mkate kwa Abu Nimr, mwokaji wa pale kona. Nimesimama kwenye foleni yake tangu nikiwa nafika kiunoni kwa Mama, na sikuwahi kumwona. Leo nimemwona.

Mkono wa kulia ana kile kibao chake chenye mpini mrefu. Mkate ukivimba ndani ya tanuri kama puto, anaudunga kwa ncha ya kibao. Puu! Unatoa pumzi. Hilo ni pigo la karibu. Kisha anauvuta, anaudaka kwa mkono wa kushoto, na bila hata kugeuza kichwa anaurusha kwenye rafu iliyo ng'ambo ya chumba. Huo ni mrusho. Na kibao kimekwisha rudi tanurini! Tayari kwa zamu ijayo!

Nikahesabu kwa saa ya Sirin. Sekunde tano. Tena. Tano na nusu. Tena. Tano!

Abu Nimr akaona namkodolea macho. Akauliza, "Bibie, unanunua mkate au unanihesabia pumzi?" Nikamweleza mambo ya Zumurrudi. Akasikiliza vizuri, akidunga na kurusha. Akauliza huyo zimwi yuko umbali gani. Nikasema hatua kumi. Akatazama rafu yake, akasema hatua kumi ni karibu sana, angempata hata akiwa na mafua.

Watu wa foleni wakaanza kugombana kama kudunga ni kupiga. Mzee mmoja akasema kudunga ni kudunga tu. Mama mmoja mwenye mfuko wa viungo vya zaatari akamwambia hebu adungwe yeye kwanza ndipo atoe maoni.

Nyuma yangu kwenye foleni, nani? Talin. Akasema umefanya kazi nzuri, Sundus. Nikangoja sindano. Ikaja: akauliza, na mazimwi je, nayo yataruhusiwa?

Nikamjibu kwamba mazimwi hayanunui mkate.


Jumatano, 8 Oktoba

Nimempeleka Ami Munif kwa Abu Nimr. Nilimwambia tu kuwa mkate wa leo ni mzuri, jambo ambalo ni kweli.

Shida ambayo sikuitazamia: Abu Nimr alijua anatazamwa. Alikuwa amevaa shati jipya! Amechana masharubu! Na mtu akijua anatazamwa mikono humwota mingi. Mkate wa kwanza ulimponyoka. Wa pili akaudunga mara tatu. Sekunde kumi na nne. Ami Munif akaniambia kwa huruma twende, mwanangu, wateja wananingoja.

Nikapaza sauti kwamba Ami Munif anasema haiwezekani.

Abu Nimr akageuka. Akauliza, "Nani amesema?" Akakunja mikono ya shati jipya. Akadunga, akavuta, akarusha. Akadunga, akavuta, akarusha. Mikate ilipita hewani kama njiwa! Foleni nzima ikawa inahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kabla ya tano kila mkate uko rafuni. Mzee wa jana alihesabu kwa sauti kuliko wote. Wa saba haukwenda rafuni. Ulimpata Ami Munif katikati ya uso.



Ami Munif alisimama na mkate wa moto umemfunika miwani. Akauondoa taratibu. Miwani imejaa mvuke. Akasema, kwa sauti ya mtu mwaminifu, "Pigo hilo limenipata."

Akakubali! Palepale! Nikamkumbusha alisema bila kumuumiza mtu, kwa kuwa nimelelewa kusema ukweli hata unaponidhuru, akasema hajaumia, amekula tu haraka kuliko kawaida. Akachomoa karatasi ya kuandikia dawa na kuandika sheria mpya, na sahihi: Mwenye mikono miwili na silaha mbili, akipiga kwa mmoja, aweza kurusha kwa mwingine, katika zamu moja. Kila mkono wa ziada, mrusho mmoja. Kilichorushwa hukaa kilipoanguka mpaka kiokotwe.

Nimeibandika juu ya kitanda.

Jioni nimepanga vifaa vya Zumurrudi. Kila shujaa anaruhusiwa kubadilisha vitu kwenye duka la mchezo kabla ya safari. Nimetoa kamba, taa, blanketi, chakula cha siku tatu na ngao. Nimepata visu kumi na vinne! Kamba ni ya watu wenye mashaka. Ngao vilevile. Talin ameichukua ile ngao. Akasema itamfaa. Maskini, mganga na ngao.


Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika yote. Niliapa.

Saa kumi kamili. Waliopo: Ami Munif, wachezaji watano, Talin kwenye kiti cha sita baada ya kunishinda kwa kuvuta vijiti, mimi kwenye boksi la maziwa. Bi Wijdan, ambaye ni muuguzi na shujaa wake ni mwizi, alileta kahawa na mbegu za tikiti. Muhannad wa chuo kikuu alileta mchawi wake, ambaye amekwisha kufa mara nne na kila mara wanamfufua kwa gharama ya meza nzima.

Tulifika kwenye lango la chuma ndani ya pango. Mbele ya lango, zimwi. Refu kama mnara, mikono mitupu. Nyuma ya lango, hazina. Nilisimama wima juu ya boksi.

Zamu ya kwanza. Shoka kwenye goti! Kisu kwenye bega! Muhannad alipiga kelele mpaka mtu akagonga dari kutoka dukani. Zamu ya pili. Shoka! Kisu! Dadu ya pande ishirini ikaonyesha ishirini, kitu ambacho hakijawahi kunitokea maishani! Bi Wijdan akasema, "Huyu mtoto mlimficha wapi?" Aliyasema kwa sauti. Mbele ya Talin. Zamu ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Visu vinne vimemkaa zimwi mwilini, viwili chini miguuni pake. Niliwaza kiti. Niliwaza mto nitakaokiwekea.

Ami Munif akavua miwani. Akaifuta. Akaniuliza, "Sundus, mwanangu, ile sheria yetu ni ya nani?"

Nikajibu kwa fahari kwamba ni ya kila mwenye mikono miwili na silaha mbili.

Akasema, "Hili lina mikono sita."

Akageuza mchoro wake tuuone. Alikuwa ameuchora wiki mbili zilizopita, tarehe iko pembeni. Mikono sita. Mpaka sasa zimwi lilikuwa likipigana bila silaha kwa sababu halikuwa na silaha. Sasa linazo. Sita. Kutoka kwangu.

Likachomoa vinne kutoka mwilini na kuokota viwili chini. Likamchoma Bi Wijdan kwa kimoja na kurusha vitano. Katika zamu moja! Mchawi wa Muhannad alipata vitatu peke yake. Muhannad akaweka kalamu chini. Akasema basi, mara ya tano.

Hapa mtu mwenye busara angeacha kurusha. Nilifikiri hivi: bado ninavyo vinane, nikivirusha upesi zimwi litakufa kabla halijaviokota. Nikarusha. Likaokota. Nikarusha. Likaokota. Bi Wijdan akapaza sauti, "Jamani, mnyang'anyeni huyu mtoto visu!" Muhannad, ambaye ni marehemu na hakupaswa kusema, akasema yeye angeninyang'anya lakini hana mikono tena. Na huku kwenye kona, bila kelele, Talin anasema tu: nafunga kidonda cha Bi Wijdan. Nafunga kidonda cha Sundus. Nafunga tena cha Sundus.

Kisha akainua ngao yangu ya zamani. Akasema wote wapite nyuma yake, mmoja mmoja, kinyumenyume, mpaka nje ya pango. Visu vikawa vinagonga ngao, ting, ting, ting. Sauti ya visu vyangu naijua. Tukatoka. Bila hazina, bila Muhannad, lakini tukatoka.

Kura: mikono sita kwa Talin, ya watu watano. Muhannad aliinua miwili, wa kwake na wa marehemu. Nilimpa Talin mkono. Nilisema hongera na sauti ikatoka nzuri kiasi. Akasema ngao ilikuwa nzuri sana. Najua hakukusudia vibaya, ndiyo maana iliuma.

Nilipofika ngazi ya mwisho Ami Munif akaniita. Alhamisi ijayo Bi Wijdan yuko zamu hospitalini na kiti chake kitakuwa kitupu kwa siku hiyo moja. Nije nikikalie. Na kama mwisho wa mchezo watu wote watakuwa hai, yeye atamwita seremala aongeze ubao mmoja mezani, na maboksi ya maziwa atayahamishia kwa mama mkwe wake. Kiti cha saba!

Kwa sharti moja. Akainua kidole. "Silaha hata moja isitoke mkononi mwako. Ikitoka, nawe unatoka."

Nikasema nimeelewa, Ami. Nilimaanisha.


Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya kutafakari. Mchana makluba, wali wa nyama unaopinduliwa sufuria mezani. Nimekula kidogo kwa huzuni, kisha kwa kweli nimekula sana.

Nimefungua ukurasa mpya na kuandika juu yake "Niliyojifunza", kama Mwalimu Ikhlas alivyoagiza. Chini yake nimeandika: Kamwe usirushe silaha. Nikapiga mstari kwa rula. Nikajisikia mtu mzima.

Kisha nikausoma tena ule mstari. Silaha.

Nikaenda kumwuliza Talin, kwa sauti ya kawaida kabisa, mganga wake ana uzito gani. Akasema ni mwembamba, uzito wa mbuzi mdogo, kwa nini? Nikasema nataka kumchora. Akafurahi, akanipa kalamu yake ya kijani. Zumurrudi, kulingana na karatasi, anaweza kuinua uzito wa mbuzi watatu.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nyuma ya kitabu cha sheria kuna anwani ya wachapishaji, huko Amerika. Sirin ananisaidia kutafsiri, ingawa amesimama mara mbili kuniuliza kama mimi ni mzima. Nimeandika kwa mwandiko wangu bora:

Waheshimiwa Wachapishaji,

Jina langu ni Sundus, nina miaka kumi na minne, ni msomaji wenu mwaminifu. Nina swali moja dogo, si la mtu yeyote maalumu. Tafadhali nijibuni mara mpatapo barua hii, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni, saa za Amman, kwa kuwa kuna seremala anangoja.

Shujaa amekatazwa kurusha silaha. Mkono wa kulia ana shoka. Mkono wa kushoto amemshika miguu rafiki yake, ambaye ni mganga, ni mwepesi, ana ngao, na bado hajaambiwa. Akipiga kwa shoka halafu akamrusha rafiki juu ya vichwa vya maadui, je, rafiki ni silaha au ni rafiki, na akishatua, ile inakuwa zamu yake au bado ni zamu yangu?